Tunasafisha Mto Ng'ombe kila mwezi, mvua ikinyesha taka zinarudi. Tufanyeje?

Mkazi wa Bondeni
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, maana nimefika mahali naumia.

Sisi ni wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Mto Ng'ombe, ule unaomwaga maji yake Mto Msimbazi. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile siku ya usafi, tunashuka mtoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuokota taka mpaka saa nne. Tulianza watu wanane tukafika thelathini na kitu. Hatuna mfadhili. Viroba anatupa mama wa duka la nafaka, reki na sepeto tunaazimana.

Mwezi uliopita tulijaza viroba 43. Tukavipanga juu karibu na kivuko, kwa sababu tuliahidiwa gari la taka mchana ule ule. Halikuja. Jumapili halikuja. Jumanne usiku mvua ikapiga. Alfajiri nimeshuka nikakuta viroba sita tu. Kimoja kilikuwa kimenasa kwenye nguzo ya kivuko, kimepasuka ubavuni, pampasi zinachomoka moja moja na kufuata maji. Nilisimama pale nikakosa la kusema.

Jirani akaniambia, "Si bora mngeziacha zilipokuwa." Mwezi huu waliosema watashuka ni watu tisa tu. Tuendelee au tupumzike? Kama ni kuendelea, tubadilishe nini?

Mzee wa Kata
Pole sana kijana wangu. Msipumzike, ila mligeuza mambo kichwa chini miguu juu. Kwanza gari, ndipo watu. Gari likishafika na kuegeshwa, hapo ndipo mnashuka mtoni.

Andika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa afya na mwenyekiti wa mtaa, wiki mbili kabla, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Ahadi ya mdomo huwezi kuidai popote. Wakati huo huo changeni hela ya kirikuu moja, kale kagari kadogo ka mizigo. Haina haja iende dampo la Pugu Kinyamwezi, ni mbali na mtashindwa gharama. Muulize afisa afya ghuba la karibu, yaani pale taka za mtaa zinapokusanywa, ni lipi, mpeleke huko, maana huko magari makubwa yanapita. Na kama uwezo ni viroba 15, okoteni 15. Kipande kidogo cha mto kikisafishwa na taka zikaondoka kabisa, watu watakiona.

Chupa Tupu
Mimi nauza chupa na madumu, naongea kwa uzoefu. Humo kwenye viroba 43 kulikuwa na pesa. Tenganisheni pale pale mtoni: chupa za maji peke yake, plastiki ngumu peke yake, vyuma peke yake. Chupa mwaga maji, kanyaga, kiroba kitabeba nyingi zaidi. Zenye tope mnunuzi anazikataa au anakata bei, kwa hiyo suuza. Hela hiyo iwe ya kirikuu. Halafu waiteni waokota chupa wa mtaani kwenu wawe wenzenu. Wanajua kila kona ambako taka hukwama.

Dada Muuguzi
Nina wasiwasi na jambo moja. Hujataja glavu wala gambuti. Mtoni kuna sindano, wembe na vigae. Ukikatwa huko, pepopunda haiko mbali, nendeni kituo cha afya mkaulizie chanjo. Kuna na homa ya mgunda, inatokana na mkojo wa panya ndani ya maji na inaingia kupitia mchubuko. Ruangwa mwaka 2022 iliua watu. Mwenye kidonda abaki juu afunge viroba. Watoto wasishuke kabisa, tafadhali.

Kigogo Mbuyuni
Nitasema lisilopendeza. Nimekaa bondeni miaka 11. Mawingu yakikusanyika tu, watu wanatoa mifuko nyuma ya nyumba wanasubiri maji yaibebe. Siyo roho mbaya. Uchochoro hauingii guta la kubeba taka, ada ya taka inadaiwa, na pampasi haikai ndani siku tatu. Taka hizo ndizo zinazoteremka mpaka Jangwani, mto unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa, na zinazopita zinaishia kwenye mikoko ya Daraja la Salenda, karibu na bahari.

Kumbukeni mifuko ya plastiki, ile ya rambo. Ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na leo haionekani mtoni kama zamani. Hakuna kikundi kingeimaliza kwa kuokota. Kwa hiyo hesabuni mnachotoa, mwandike kwenye daftari. Pampasi zikiwa nusu ya viroba, pelekeni daftari hilo mkutano wa mtaa, mdai mkokoteni wa vichochoroni.

Mwananairobi
Ndugu zangu, huku kwetu Korogocho vijana wa Komb Green walisafisha ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa, wakapanda miti, wakatengeneza bustani inayoitwa People's Park. Mahali watoto wanacheza, mtu anaona haya kumwaga taka. Pandeni kitu hapo kwenye kivuko, hata kama ni hatua ishirini tu.

Mkazi wa Bondeni
Nimesoma yote, nimemsomea na mama wa viroba. Asanteni kutoka moyoni. Dada, glavu ni kweli hatukuwa nazo, wawili walichanika mikono na tulichukulia kawaida.

Jumamosi hii hatushuki. Tunapita nyumba kumi na nne za uchochoro wetu kuuliza kila mama pampasi anazipeleka wapi na angeweza kulipa kiasi gani mkokoteni ukipita mara mbili kwa wiki. Barua naiandika leo usiku. Mwenye kirikuu maeneo ya Tandale, Manzese au Magomeni anitumie ujumbe, tuongee bei ya safari moja mpaka ghubani.