Marufuku ya moto wa nje: jiko la mkaa lenye mfuniko nalo limo?

Mchomaji
Wakuu, tangazo la kiangazi limetoka: marufuku kuwasha moto wa wazi hadi mvua zirudi. Jiko langu ni la mkaa, lina miguu na mfuniko, na ukishafunika mwali hauonekani. Nalo limekatazwa? La gesi je? Na mkaa unaobaki unazimwaje?

Jivu Baridi
Soma tangazo lenyewe, mkuu, maana marufuku nyingi huenda kwa ngazi. Ngazi ya chini mara nyingi huacha gesi, na pengine mkaa kwenye majiko yaliyojengwa sehemu maalumu. Ngazi ikipanda, mkaa huondolewa kabisa. Wanachoangalia si mwali kuonekana, bali kama moto unaweza kuukata papo hapo. Gesi unafunga vali, basi. Mkaa ukishakolea huna pa kuufungia. Mfuniko huzuia cheche, sawa, lakini utaufunua kila ukigeuza nyama, na vipande vidogo hudondokea kwenye matundu ya chini.

Kuzima: tia maji nusu kwenye ndoo ya bati, kisha hamishia makaa humo kidogo kidogo kwa koleo, uso ukiwa mbali na mvuke. Koroga hadi chini, ongeza maji, koroga tena mpaka yaache kuchemka. Halafu sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, bado hayajazimika. Usimwage maji kwenye jiko lenye moto, chuma hupinda au kupasuka.

Kaa Chonjo
Bila maji inawezekana pia: funga mfuniko na matundu yote, mkaa ukose hewa.

Jivu Baridi
Kwa jiko lisilovuja hewa tu, na huchukua saa nyingi. Wengi hufungua mapema, hewa inaingia, makaa yaliyofifia yanakolea upya. Majivu nayo huyatunzia joto, hata zaidi ya siku nzima, huku juu pakiwa peupe na pametulia. Ngoja saa 48, uyaweke kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, juu ya udongo mtupu. Plastiki itayeyuka. Ndani ya nyumba usiingize, kuna kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kaa Chonjo
Na mchanga usiutegemee. Unafunika joto badala ya kuliondoa, na palipo na mizizi mikavu moto hutambaa chini kwa chini ukaibuka siku kadhaa baadaye, pengine hatua kadhaa kutoka pale.

Pakiruhusiwa kuchoma, fyeka mita 3 kuzunguka jiko hadi udongo uonekane, pasiwe na tawi juu, maji yawe tayari kabla ya kuwasha. Usiweke jiko chini ya mteremko wenye nyasi, moto hukimbilia juu. Umande wa asubuhi usikudanganye: nyasi zilizokufa na vijiti visivyofika unene wa milimita 6 hukauka ndani ya saa moja hivi, na alasiri ndipo hewa huwa kavu zaidi. Upepo ukianza kupeperusha majivu, zima hapohapo, hata kama nyama haijaiva.

Mchomaji
Nimeelewa. Briketi, ule mkaa wa kushindiliwa, zina nafuu?

Jivu Baridi
Kwa cheche, ndiyo, hazirushi sana kama mkaa wa kawaida. Ila hukaa na moto muda mrefu zaidi na majivu yake ni mengi, kwa hiyo kuzikoroga kwenye maji ni kazi zaidi. Kwenye tangazo huhesabiwa mkaa vilevile.