Acinetobacter sugu kwenye kidonda cha ajali: tumuulize daktari nini?

Muulizaji, Kisauni: Assalaam aleikum wanajamvi. Mgonjwa wetu alianguka na bodaboda Changamwe, mfupa wa muundi ukatokeza nje. Leo ni siku ya 12 ICU, yuko kwenye mashine ya kupumulia na kidonda kinatoa usaha. Maabara imeotesha bakteria Acinetobacter baumannii na kupima antibiotiki: meropenemu R (ni sugu kwayo), kolistini S (inamuua). Wengine nyumbani wanasema ni matope ya barabarani. Tuulize nini?

MaabaraPwani: Waaleikum salaam, poleni. Matope hayo yaacheni. Wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa Iraki kuanzia 2003 walimpata mdudu huyuhuyu, kwanza ukalaumiwa udongo wa jangwani. Uchunguzi ukaelekea kwenye hospitali za kambini. Anakaa wiki kadhaa juu ya vyuma vya kitanda vikavu.

Ulizeni sampuli ilitoka wapi. Pamba iliyopitishwa juu ya kidonda huokota hata wadudu waliotua tu. Kinachoaminika ni kipande cha nyama kilichokatwa ndani, au damu iliyooteshwa. Halafu hiyo S ilipimwaje? Kikaratasi chenye dawa hakitegemewi kwa kolistini, molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye agari (jeli ya kuoteshea wadudu). Itakiwe njia ya kuzimua dawa kwenye mchuzi wa maabara wa kuoteshea wadudu.

Mfamasia_Tudor: Ikiwa kolistini itatumika, mtu mzima kwa kawaida huanza na yuniti milioni 9, kisha milioni 4.5 kila saa 12, ikipunguzwa figo zikilegea. Makosa huzaliwa kwenye vipimo: chupa moja imeandikwa yuniti, nyingine miligramu. Yuniti milioni 1 ni takriban miligramu 80 za kolistimetheti (umbo la kudungwa, linalogeuka kolistini mwilini), lakini ni kama 33 tu za kolistini yenyewe. Anayechanganya hizo mbili anazidisha au anapunguza dawa zaidi ya maradufu.

Kreatinini (kipimo cha damu cha hali ya figo) ipimwe kila siku na mkojo uandikwe. Chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, mwambieni daktari mara moja. Ulizeni pia kuhusu dawa nyingine, sulbaktamu ya dozi kubwa, kwa mdudu huyu mara nyingi ndiyo msingi wa matibabu. Na msinunue sindano dukani kwa kubahatisha.

Muulizaji: Shukran. Dawa peke yake itatosha?

MaabaraPwani: Hapana. Nyama iliyokufa haina damu, basi dawa inapitia wapi? Mpasuaji aikate, arudie ikibidi, aangalie na vyuma vilivyofunga mfupa. Mpira wa mkojo na wa mshipani utolewe siku ambayo hauhitajiki tena.

Muuguzi_Likoni: Kwenu nyinyi ni mikono. Spiriti ya mikono sekunde 20 hadi 30, au sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, kabla ya kumgusa na baada ya kugusa chochote karibu naye. Glavu haziondoi kunawa. Msikae kitandani, wala msimsalimie mgonjwa wa kitanda cha pili kwa mkono, japo kwetu Pwani ni uzito kupita kimya. Kichwa cha kitanda kiinuliwe digrii 30 hadi 45 kama uti wa mgongo ni salama.

Usaha ukimwagika, ufutwe kwanza, kisha klorini ya asilimia 0.5: Jik ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, ichanganywe upya kila siku. Uchafu ukibaki unaimaliza nguvu klorini. Isiguse kidonda. Na godoro likichanika ombeni libadilishwe, sifongo yake haisafishiki.