Kikundi cha familia: pesa ya mkononi na bahshishi za safari ya ufukweni

Rukia: Shikamooni wakubwa. Resoti tumeshalipia, usiku 7, watu wazima 2, wameandika "kila kitu kimo". Sasa pesa ya mkononi tubebe kiasi gani?

Shangazi Mwana: Marahaba mwanangu. Anza na kile ambacho hakimo. Fungua karatasi ya malipo utafute: gari la kutoka na kurudi uwanja wa ndege, masaji, michezo ya majini yenye injini, migahawa ya kuweka nafasi, vinywaji vya chupa vya bei kubwa. Mara nyingi hivyo hulipiwa kando. Kayaki na mapezi ya kuogelea huwa bure, lakini boti ikiwashwa injini tu, bili inatembea 😄

Kaka Idi: Na kodi ya utalii. Sehemu nyingi hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, tena mapokezi, hata kama chumba kimelipwa chote. Kwenu ni 2 × 7, yaani kiwango mara 14. Watu hukisoma kile kiwango wakadhani ni mara moja.

Rukia: Ngoja niangalie… Ipo kweli. Herufi za sisimizi, chini kabisa.

Mjomba Seif: Jambo linalovuruga bajeti kuliko yote ni amana. Ukifika, hoteli inazuia kiasi fulani kwenye kadi. Haijakatwa, ila huwezi kuigusa. Ukiwapa kadi ya akaunti, pesa yako ya matumizi ndiyo imefungwa hivyo, na baada ya kuondoka inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Kama mna kadi ya mkopo, wapeni hiyo. Ya akaunti ibaki kwa ATM. Waulizeni kiasi kwa barua pepe kabla hamjaondoka.

Rukia: Sawa Mjomba. Na bahshishi je? Si kila kitu kimo?

Shangazi Mwana: Inategemea nchi na hoteli. Japani hawana desturi hiyo, unaweza kumtia mtu aibu. Maldives bili huja na asilimia 10 ya huduma tayari. Mexico na visiwa vya Karibi, wafanyakazi wanaitegemea hata pale penye "kila kitu kimo". Soma bili, ukiona ada ya huduma, usilipe mara mbili bila kujua.

Kaka Idi: Tuchukulie ni sehemu ya kutoa, na dola zinapokelewa. Hesabu ya wastani:
Mizigo: begi 2, kuingia na kutoka, dola 2 kila begi = 8
Chumba: 3 kwa siku × 7 = 21
Baa na mezani pamoja: 6 kwa siku × 7 = 42
Dereva wa uwanja wa ndege: 5 × 2 = 10
Jumla 81. Beba 90: noti 50 za dola 1 na noti 8 za dola 5. Agiza benki mapema, noti za dola 1 si kila siku wanazo.

Mjomba Seif: Safi, zisizochanika wala kuandikwa. Na usimpe mtu sarafu za nchi nyingine. Maduka ya kubadilisha fedha hayazichukui, kwa hiyo umempa chuma tu.

Shangazi Mwana: Ya chumba acha kila asubuhi, usingoje siku ya mwisho. Zamu hubadilika, aliyesafisha siku sita akakosa, wa siku moja akapata zote. Weka juu ya mto na kikaratasi cha "asante". Bila kikaratasi wengine hawaigusi, wanadhani umesahau.

Rukia: Hilo sikulijua. Pesa ya huko tubadilishe yote kwa mkupuo?

Mjomba Seif: Hapana. Ya siku mbili tatu kwanza, tena nje ya hoteli, maana mapokezi viwango vyao huuma. Tunza risiti. Pesa za baadhi ya nchi haziruhusiwi kuvuka mpaka, dinari ya Tunisia mfano, na bila risiti unaweza kukataliwa kuibadilisha tena iwe pesa yako.

Kaka Idi: ATM au mashine ya dukani ikikuuliza ukatwe kwa pesa ya kwenu au ya huko, chagua ya huko. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, naye hajipunji. Na ada inakatwa kila unapotoa, kwa hiyo toa mara 2 kubwa badala ya mara 6 ndogondogo. Nyingine ifungie kwenye sefu.

Rukia: Kwa hiyo mafungu: kodi, vya kulipia kando, bahshishi. Na dharura?

Shangazi Mwana: Dharura ni kadi ya pili, begi tofauti na ya kwanza. Na bili iombe usiku wa kuamkia kuondoka. Asubuhi gari linapiga honi, hakuna anayebishana na mapokezi kuhusu soda ya frijini ambayo hakuinywa.

Rukia: 😂 Basi Jumatatu asubuhi niko benki. Kaka Idi, 50 za moja, 8 za tano?

Kaka Idi: Ndiyo. Zihesabu hapohapo dirishani.