Mafunzo ya mgambo: mnatuchangisha, mnatufungia kwa gwaride, halafu cheti hatukioni

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na zile za ajira za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), hili ni jambo jingine kabisa.

Nimehitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo. Kiapo nimekula, gwaride nimepiga mbele ya mgeni rasmi, ila cheti mpaka leo sijakishika. Juzi likatoka tangazo la nafasi za walinzi kwenye taasisi moja ya umma. Sifa zimeandikwa wazi: kidato cha nne, na mwombaji awe amepitia mafunzo ya mgambo, JKT au polisi. Nikaenda ofisi inayohusika kuulizia. Nikajibiwa vyeti havijasainiwa, njoo mwezi ujao. Tangazo linafungwa kabla ya huo mwezi ujao. Nikaomba basi hata barua ya kurasa moja inayosema fulani amehitimu, jina lake lipo kwenye orodha. Nikaambiwa hakuna utaratibu wa barua kama hiyo. Yule bwana hata kichwa hakuinua.

Kwa wasiojua: mafunzo haya ni ya kujitolea na huchukua kama miezi minne. Unapeleka barua ya serikali ya mtaa au kijiji, unapimwa afya, unaanza. Alfajiri mchakamchaka, kisha kwata (mazoezi ya gwaride), kwata la silaha, usomaji wa ramani, mbinu za porini, kulenga shabaha. Wanakuja polisi kukufundisha ukamataji, TAKUKURU kuhusu rushwa, uhamiaji, zimamoto. Mafunzo yenyewe sina neno nayo. Afande aliyekuwa anatushika ni mwanajeshi kweli kweli, anaripoti uwanjani kabla yetu, mvua inyeshe jua liwake, na hakuwahi kumtukana mtu. Nimeingia pale sijui kusimama mguu sawa, nimetoka naweza kuongoza seksheni. Huyo namheshimu na asihusishwe na haya ninayoyasema.

Tatizo ni kila kinachoyazunguka mafunzo. Kijana wa JKT anakaa kambini, analishwa, anapewa posho hata kama ni ndogo. Kuruta wa mgambo anatoka kwake, anakula kwake, anarudi kwake, na asubuhi zote hizo hayupo kwenye kibarua. Wengi wetu ni bodaboda, saidia fundi, wauza genge. Kwenye kombania yetu kulikuwa na dada anauza chapati, na biashara yake ni ya asubuhi tu. Aliipoteza yote. Wateja hawakusubiri amalize kwata.

Juu ya hapo, michango. Hela ya fulana, hela ya kombati, hela ya buti, hela ya risasi za shabaha, hela ya picha, hela ya sherehe ya kufunga. Hakuna aliyetuambia siku ya kujiandikisha. Inakuja kidogo kidogo, ukishafika katikati na huwezi tena kurudi nyuma. Na inalipwaje? Serikali hii hii ambayo ukienda kulipia leseni au faini inakupa kontroli namba, kwetu sisi tulitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi. Unatuma, unaonyesha ujumbe kwa kiongozi wa platuni, anaweka tiki kwenye daftari. Risiti hakuna. Nilipouliza risiti niliambiwa naleta siasa kwenye jeshi. Hivi kudai risiti ya hela yangu ni siasa? Tunafundishwa rushwa na afisa wa TAKUKURU saa nne, saa sita tunatuma hela isiyo na risiti kwa simu ya mtu!

Kila mkisikia risala ya kufunga mafunzo, sikilizeni vizuri ile sehemu ya takwimu: walioanza wangapi, waliomaliza wangapi. Pengo linalobaki hapo katikati linasomwa kama utoro. Mimi nimewaona hao "watoro". Mmoja alikuwa na shabaha kuliko sisi wote. Aliacha kwa sababu alishindwa hela ya buti na aliona aibu kuja na raba wakati wenzake wamekamilika.

Na hiyo risala yenyewe, nilikuwepo ilipoandikwa. Tuliweka aya mbili kuhusu michango na kuchelewa kwa vyeti, kwa lugha ya heshima kabisa, "mgeni rasmi, tunaomba ofisi yako itusaidie". Ikapelekwa kukaguliwa. Ikarudi aya zote mbili zimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa "shukrani ziongezwe". Msomaji wetu akasimama mbele ya jukwaa akasoma shukrani. Mgeni rasmi akajibu kama wanavyojibu wote, kwamba makampuni ya ulinzi yawape kipaumbele vijana hawa. Tukapiga makofi. Kampuni ya kwanza niliyokwenda iliniuliza cheti kiko wapi.

Kinachoniuma zaidi si hata ajira. Niliingia pale kwa kupenda. Mgambo wa nchi hii ina historia, na mwenye kuidharau haijui. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe kulinda nchi yao, Idi Amin akiwa ametoka kupindua serikali ya jirani zetu Uganda. Alipoivamia Kagera mwaka 1978, mgambo kwa makumi ya maelfu waliitwa wakaungana na JWTZ, wakulima na wafanyakazi, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 walikuwemo. Nchi haikuwa na muda wa kuanza kuwatafuta wala kuwafundisha upya wote. Walikuwa wameshaandaliwa na walijulikana walipo.

Sasa niulize: mimi nikihitajika kesho, nani anajua nilipo? Toka tufunge mafunzo hakuna aliyetupigia simu kuhusu mazoezi ya kujikumbusha. Silaha usiyoishika mwaka mzima unaisahau, hilo hata afande alituambia. Namba zetu zinatafutwa kukiwa na ziara ya kiongozi au usafi wa mazingira, tupange watu na kuzuia barabara, jua kali, maji tunanunua wenyewe. Hakuna jeshi la akiba duniani linaloendeshwa kwa kuwakumbuka askari wake siku ya ziara.

Na mtaani nako tunabeba lawama zisizo zetu. Ukisema wewe ni mgambo watu wanakutazama kama uliyemwaga karanga za mama lishe. Wale wa kukimbizana na machinga wametumwa na halmashauri zao. Mimi sijawahi kumgusa mfanyabiashara wa mtu.

Ninachodai si kikubwa. Gharama zote zibandikwe kwenye ubao wa kata siku ya kwanza ya kujiandikisha, ili asiye nazo ajue mapema au atafutiwe msaada. Malipo yote yapite kwenye kontroli namba. Cheti kitolewe siku ile ile ya gwaride, uwanjani, mkononi mwa mhusika, maana majina yanajulikana wiki nyingi kabla na kusaini karatasi mia hakumalizi siku mbili. Kikichelewa, itolewe barua yenye mhuri. Na kila mwaka tuitwe walau wiki moja tukumbushwe silaha na kwata, hata bila posho mimi nitakwenda, ila nauli na chakula cha mchana wagharamie wao.

Wanaosema "si ulijitolea mwenyewe" wasinijibu hapa. Nilijitolea muda wangu na mwili wangu. Sikujitolea kuchangishwa bila risiti.

Wakuu mliohitimu wilaya nyingine, nyie vyeti mlipata baada ya muda gani na mlipitia kwa nani? Na kama kuna aliyewahi kukubaliwa kuomba kazi kwa barua ya mshauri wa mgambo (afisa wa jeshi anayesimamia mgambo wilayani) badala ya cheti, tafadhali aandike hapa ilivyokuwa. Tangazo bado halijafungwa.