Kilatini: nianze na kitabu cha sarufi au nisome Vulgata (Biblia ya Kilatini) moja kwa moja?

Kwaya_Shangani
Tumsifu Yesu Kristo, na asalaam aleikum kwa wengine. Naimba kwaya hapa Zanzibar, kanisa la Minara Miwili. Tukiimba Kilatini matamshi nayaweza, lakini maana naipata kwa kuambiwa, na jambo hilo linaniuma. Nataka kusoma mwenyewe. Naona njia tatu: kitabu cha sarufi chenye majedwali, programu ya simu, au Vulgata na Biblia ya Kiswahili pembeni, aya kwa aya. Nafasi yangu ni saa moja usiku nikishafunga duka.

Dada_Mbweni
Kaka, mimi nilianza na sarufi. Baada ya miezi minne naweza kughani terra, terrae, terram bila kusita, lakini mstari mmoja wa kitabu sikuuelewa. Programu ilinipa maneno, ila sentensi zake hazina habari ya kukuvuta urudi kesho. Nikafungua kitabu cha Mwanzo katika Vulgata: *In principio creavit Deus caelum et terram*, "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Maneno saba, na habari naijua tangu utotoni. *Creavit* ni "aliumba": mtendaji na wakati vimo ndani ya neno moja, Mswahili hashangai. Halafu Deus (Mungu), lux (nuru), dies (siku) na aqua (maji) yanarudi na kurudi, hata sura ikiisha unayajua bila kuyahifadhi. Mtakatifu Hieronimo, mfasiri wa Vulgata, alifasiri mwishoni mwa karne ya 4, na kwa kuwa alikifuata Kiebrania, sentensi zake ni fupi, zimeungwa kwa et, et, et, yaani "na, na, na". Anayeanza hapati mlango mwepesi kuliko huo.

MwanaWete
Mimi ni Muislamu, Kilatini nimekigusa kidogo tu skuli ya juu, lakini Kiarabu nimekisoma chuoni Wete. Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, tuliihifadhi kabla ya kujua maana. Nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ilipokuja, sauti zilikuwa tayari masikioni, na kila kanuni ilikuta mfano wake unaisubiri. Kwa hiyo namuunga mkono dada. Lakini nahau usiiache! Miisho ya Kilatini hufanya kazi ya irabu za mwisho za Kiarabu: *Deus* pale ni marfuu (mtenda), *terram* ni mansubu (mtendwa). Bila kujua hilo utakuwa unabahatisha nani kamtenda nani, kwa sababu neno la Kilatini huhama mahali pake upendavyo. Soma aya, kisha fungua jedwali la neno moja tu ulilokutana nalo.

Mkunazini_Mzee
Vijana wangu, tahadharini na Biblia ya Kiswahili kama ufunguo. Zaburi tunayoiita ya 23, katika Vulgata ni ya 22, nayo yaanza *Dominus regit me, et nihil mihi deerit.* Kiswahili chasema "Bwana ndiye mchungaji wangu". Mchungaji hayumo humo: *regit* ni ananiongoza, ananitawala. Zaburi hizo za Kilatini zilitokana na Kiyunani. Toleo jipya la 1979 ndilo limeweka *pascit*, ananichunga. Basi jua kwanza umeshika toleo lipi. Tena, *vidit Deus quod esset bonum* (Mungu akaona ya kuwa ni vyema) ni Kilatini cha Kanisa. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, asingeiunga sentensi hivyo. Ukimtaka Cicero utahitaji kitabu kingine baadaye. Kwa kwaya, Vulgata yatosha, na *caelum* itamke "chelum" kama mnavyoimba.

Kwaya_Shangani
Ahsante, mzee wangu, ahsanteni nyote. Jana usiku nimeanza Mwanzo 1, na jedwali pembeni kama alivyosema MwanaWete. Nimekwama aya ya 5: *Appellavitque lucem Diem, et tenebras Noctem.* Hizi *-em* tatu ni mansubu? Na hiyo *-que* inafanya nini mkiani mwa kitenzi?

MwanaWete
Zote tatu mansubu, na *tenebras* pia, ila hiyo ni wingi. *-que* ni "na", kama wau ya Kiarabu, isipokuwa wao huibandika nyuma ya neno. "Na akaiita nuru Mchana." Endelea mpaka *dies unus*, utaikuta tena.