Yule muuza spea wa Mtwara mjini kaniambia niweke oili ya bajaji kwenye STI

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata viatu sijavua. Mwenye gari yoyote hapa mjini anamjua ninayemsema. Jina sitaji, duka sitaji, mtaa sitaji. Yule. Wa kiti cha plastiki mlangoni, ukimuuliza bei anakukagua kwanza kuanzia kandambili kwenda juu ndipo anakutungia bei yako.

Nimeingia kistaarabu. Shikamoo nimeitoa mpaka ng'ambo ya Ruvuma wameitikia, yeye kimya. Nikasema mzee, naomba 5W-40, sintetiki kamili, ya petroli, daraja la API SN au SP, nina Subaru Impreza STI, injini EJ207 ya tabo. Hakuuliza swali. Shingo hakugeuza. Akamwita kijana wake wa stoo: "We, mpe huyu mtoto ile ya bajaji."

ILE YA BAJAJI.

Na duka limejaa. Madereva wa fuso wamo, kuna mama mjamzito kaja kununulia pikipiki ya mumewe balbu, wote wamecheka. Yule mama kacheka mpaka nikahofia atajifungulia pale kaunta na mimi nitaje jina la mtoto.

Nikajikaza. Nikamweleza kwamba hii injini inapanda mpaka mizunguko 8,000 kwa dakika, na shafti ya tabo inapita laki moja, inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kufika, beringi ya tabo imekwenda. Ile AVCS ya kusogeza kamshafti nayo inasukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Na beringi za konrodi za EJ mnazijua zilivyo na roho ndogo, ukisikia ka, ka, ka, umeshanoki, anza kuulizia bei ya injini Dar. Nimeongea pale mpaka dereva mmoja wa fuso akawa anatikisa kichwa kunikubali.

Mzee kanisikiliza hadi mwisho huku anatafuna korosho. Akameza. Akasema: "Hiyo W ni ya winta. Winta ya Mtwara inaanza mwezi wa ngapi?" Duka zima chini! Halafu akamgeukia tena yule kijana, safari hii polepole ili asikosee: "Nimesema ya ba-ja-ji."

Mtoto! Mimi nina ndevu. Nina binti darasa la tatu.

Galoni lililoletwa ni namba 40 kavu, yaani haina W, limeandikwa CF-4, ambalo ni daraja la dizeli, na vumbi lake ungeweza kupanda mihogo. Kwenye API, S ni petroli na C ni dizeli, hili hata kijana wake wa stoo angelijua kama angeruhusiwa kusoma kopo badala ya kubeba tu.

Nimetoka bila kununua. Niko mlangoni nageuza funguo, nasikia nyuma: "Haya, bajaji imeondoka."

Injini ya boksa, hii ya silinda zilizolala, ikiwaka hapa Shangani inasikika Mikindani, yeye anasema BAJAJI IMEONDOKA. Hivi hawa leseni za biashara wanapewa na nani? Mnaomjua mje mseme. Mtoto, ile ya bajaji. Naomba kuwasilisha.

Kangomba Mstaafu: "Haya, bajaji imeondoka" hahahaaa. Mkuu samahani, nimerudi juu kusoma tena hapo tu.

Mtu wa Tandahimba: Nimevuta mkeka. Ngoja waje.

Fundi wa Chikongola: Mleta uzi, hasira unayo haki nayo ila tuwekane sawa. Ile namba ya pili, 40, ni uzito wa oili unaopimwa ikiwa na joto la nyuzi 100. Kwenye vipimo vya SAE, wanaopanga hizi namba, uzito wa 5W-40 unatakiwa uwe kati ya 12.5 na 16.3 cSt, na namba 40 kavu ni hapohapo kati ya 12.5 na 16.3. Zikishapata moto ni mtu na ndugu yake. Tofauti unaipata asubuhi unapowasha: hata kwa joto letu hili, namba 40 kavu bado ni nzito kuliko 5W-40, inachelewa kupanda juu, na sekunde hizo ndizo zinazokula injini. Kwa hiyo kwenye CF-4 mzee kakosea kabisa, kwenye winta kapatia nusu.

Boksa wa Shangani (mleta uzi): Fundi umekuja kunisaidia au kunimalizia? Nusu ya nini? Kaniita mtoto mbele ya fuso!

Fundi wa Chikongola: Nimesema nusu. Halafu ukifika safari usizime papo hapo, iache ingurume kidogo, tabo ipoe. Oili inaungulia mle ndani inakuwa masizi.

Boksa wa Shangani: Hilo najua. Yeye ndiye hajui.

Mama Wawili: Huyo baba namfahamu, tena vizuri. Mimi nilifuata brekipedi za Passo, akaniuliza mume wangu yuko wapi ili amweleze yeye. Mume wangu hajui kuendesha hata baiskeli! Nikamwambia hayupo. Akasema basi atakaporudi mje wote. Wewe angalau umepewa ya bajaji, mimi sikupewa kitu.

Mtu wa Tandahimba: Mje wote, kwani ni kipaimara?

Bajaji ya Stendi: Samahanini, nina swali kwa mleta uzi. Bajaji imekukosea nini? Naona tusi lako kubwa ni kuitwa bajaji. Yangu inakula 20W-50, namwaga kwa wakati, tangu asubuhi niko barabarani naingiza hela. STI yako imeingiza shilingi ngapi leo?

Boksa wa Shangani: Kaka sijaitukana bajaji, nimesema haifanani na STI.

Bajaji ya Stendi: Umeandika kwa herufi kubwa. Mara mbili.

Kangomba Mstaafu: Na kwenye kichwa cha habari ipo pia, nyusi zimepanda.

JZ wa Masasi: Ndio maana sisi wenye akili tuko na injini ya Toyota, 1JZ-GTE. Silinda sita zimepangana mstari, sita! Masasi hadi Mtwara nakanyaga, nashuka, nafuta kioo, narudi. Nyie wa boksa mkifika Mnazi Mmoja tayari mmefungua boneti mnaangalia kijiti cha oili.

Boksa wa Shangani: Na wewe ile Chaser iliyopandishwa kwenye kenta mwezi uliopita ilikuwa ya nani?

JZ wa Masasi: Ilikuwa inapelekwa kupakwa rangi.

Mzee wa Mikindani: Vijana mnagombania namba wakati kilichomo ndani ya kopo hamkijui. Mimi nimeuziwa galoni zuri, lebo inang'aa, nimefungua nyumbani nakuta pete ya kifuniko imeshakatwa na kurudishwa kwa gundi. Oili nyeusi ya kumwagwa imechujwa kwa kanga. Sio huyo wenu, ni yule mwingine, wa upande wa pili. Tangu siku hiyo kopo nikilimaliza nalitoboa kwa msumari kabla ya kutupa. Na nyie toboeni.

Mama Wawili: Babu huyo wa upande wa pili ndiye alinipa pedi za Vitz badala ya Passo!

Fundi wa Chikongola: Mama, hebu niangalizie gari yako ni ya mwaka gani kabla hujamhukumu, zipo zinazoingiliana.

Mama Wawili: Haziingiliani. Zimelia mpaka nyumbani.

Kijana wa Newala: Mimi wa pikipiki, mtanisamehe kuingilia. Nilipewa oili ya gari ndogo, eti sintetiki ni bora zaidi, klachi ikaanza kuteleza kwenye kupanda. Kumbe oili ya pikipiki inatakiwa iandikwe JASO MA, alama ya oili isiyotelezesha klachi, kwa sababu klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Nani anarudisha hela yangu?

Bajaji ya Stendi: Umeona? Na huyo hakuifungulia uzi.

Boksa wa Shangani: Jamani tunahama mada. Mada ni yule mzee. Kaniambia, nanukuu, "mpe huyu mtoto ile ya

Boksa wa Shangani: Simu imejituma yenyewe. "Ile ya bajaji."

Kangomba Mstaafu: Tumeisikia mkuu. Hela ya oili ya laki na ushee umeitoa wapi lakini? Sisi chama chetu cha msingi korosho zimeshanadiwa, zimeshapakiwa, pengine huko India zinakaangwa sasa hivi, malipo tunaambiwa kesho. Salfa yenyewe nilikopa.

Kijana wa Newala: Kwenu mnaambiwa kesho? Kwetu tunaambiwa benki kuna foleni. Foleni ya nani?

Mtu wa Tandahimba: Mimi zimeingia, nimekatwa makato mpaka nikadhani nimeuza mabibo.

JZ wa Masasi: Korosho ziacheni. Nani kapanda basi la Dar wiki hii akateremshwa pale kwenye ile hoteli ya njiani? Dakika kumi, chipsi kavu bei ya chakula cha harusi, na choo unalipia.

Mama Wawili: Pale! Mwanangu kanunuliwa soda, chenji tukaambiwa tutachukua tukirudi. Nirudi lini mimi?

Mzee wa Mikindani: Dereva na kondakta wao wanakula bure, pilau na kuku, nimewaona kwa macho yangu.

Boksa wa Shangani: Mods naombeni mrudishe watu kwenye mada.

Bajaji ya Stendi: Na kuku wenyewe wanapewa paja.