Kikundi cha wazee 14 Umoja: ni mazoezi gani hasa yanayozuia kuanguka?

mhudumu_umoja

Hamjambo wadau. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kuna kikundi cha wazee 14 kinachokutana Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mdogo wao ana miaka 66, mkubwa 84, na kumi kati yao ni kina nyanya. Sita wameanguka angalau mara moja mwaka huu, na mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Wengi wana presha, wanne wana sukari.

Kwa sasa wanaketi kwenye viti, wanainua mikono, wanazungusha shingo, wanaimba, kisha wanazunguka uwanja wa kanisa dakika 20. Wanafurahi sana. Swali langu ni kama haya yanazuia kuanguka, na kama hayazuii, nibadilishe nini.

Vifaa: viti vya plastiki, mabenchi mazito ya mbao ya kanisa, sakafu ya vigae. Vyuma vya uzito hatuna. Mashine ya presha na ya sukari ninazo.

Naomba majibu yenye hesabu: mara ngapi, sekunde ngapi, kilo ngapi. "Wafanye mazoezi mepesi" nimeshaambiwa vya kutosha.

fizio_eastlands

Wasalimie hao wazee, na pole kwa aliyevunjika.

Wanachofanya sasa kinawachangamsha, na huko kukutana msikuache. Lakini hakizuii kuanguka. Mtu huanguka akigeuka jikoni na sufuria mkononi, akishuka matatu inayotaka kuondoka, akivuka mtaro. Mwili hujifunza kujidaka ukiwa umesimama na ukiwa karibu kuyumba. Ukiondoa huko kukaribia kuyumba, umeondoa somo lenyewe.

Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, ulikusanya majaribio 108 ya mazoezi kwa wazee. Kwa jumla, mazoezi yalipunguza idadi ya kuanguka kwa takriban asilimia 23. Programu zilizochanganya mazoezi ya aina kadhaa, hasa usawa wa mwili pamoja na nguvu za miguu, zilifika karibu asilimia 34. Kwa kutembea tu, bila mazoezi mengine, ushahidi haukutosha kusema kunasaidia. Kwa hiyo matembezi yabaki, ila yawe nyongeza.

Mfano mzuri wa kuiga ni programu ya Otago, iliyotengenezwa New Zealand miaka ya 1990. Haihitaji mashine yoyote: vizito vya kufunga kifundoni, kitu imara cha kushika, na mtu wa kuongeza ugumu kwa wakati. Hicho cha mwisho ndicho vikundi vingi husahau. Zoezi lililokuwa gumu wiki ya kwanza likibaki lile lile wiki ya kumi, limekuwa mchezo tu.

Pima kwanza. Kiti kiwe na urefu wa sentimita 43 hivi, kiegemezwe ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Nyanya wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, au babu wa umri huo chini ya 12, miguu ni dhaifu. Kwa miaka 80 hadi 84 ni chini ya 9 kwa wanawake na chini ya 10 kwa wanaume. Akitumia mikono kujisukuma, andika sifuri. Halafu mwombe asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10. Asiyefikisha sekunde 10 yuko hatarini, na wewe simama ubavuni pake wakati wote wa kupima. Andika kwenye daftari, urudie baada ya wiki 12.

Sasa mabenchi yako ya kanisa. Hayo ndiyo mali kubwa ya ukumbi wako! Panga mawili yakitazamana migongo, katikati pawe na nafasi ya mtu kupita, kama sentimita 70. Umepata njia yenye mikono pande zote mbili, na benchi zito halisogei mtu akiliegemea ghafla.

Nguvu za miguu: kunyoosha goti akiwa ameketi, kukunja goti nyuma akiwa amesimama, kuinua mguu kwa upande, kusimama kwa vidole, kusimama kwa visigino. Kila moja mara 10, apumzike dakika moja au mbili, kisha arudie 10 akiweza. Anyanyue kwa sekunde 2 hadi 3, ashushe kwa sekunde 4 hadi 5. Kushusha polepole ndiko kunakomfundisha kuketi bila kujitupa kitini. Asibane pumzi; wakihesabu kwa sauti, hawawezi kubana.

Lile la kuinua mguu kwa upande ndilo huharibika zaidi, na ndilo lenye kazi kubwa, maana nyonga nyingi huvunjika mtu akiangukia ubavu. Simama nyuma yake utazame vidole. Vikigeuka nje, msuli wa mbele ya paja umechukua kazi na ule wa pembeni ya nyonga umelala. Vidole vitazame mbele, mwili usiegemee upande wa pili, mguu upande sentimita 20 tu. Ukisahihisha hivyo, aliyekuwa akijivunia 15 atachoka kwa 6. Basi 6 hizo ndizo halali.

Usawa wa mwili: kusimama kisigino mbele ya vidole sekunde 10, kusimama mguu mmoja sekunde 10, kutembea kwa upande hatua 10 kwenda na 10 kurudi mara mbili, kutembea kinyumenyume vivyo hivyo, na kutembea njia ya namba nane kuzunguka viti viwili. Mwisho, kusimama kutoka kitini mara 5 kwa mikono miwili, baadaye mkono mmoja, baadaye mara 10 bila mikono.

Ngazi ya kupanda ni mikono: viganja viwili juu ya benchi, kiganja kimoja, vidole viwili, kisha mikono ielee juu ya mbao bila kugusa. Akifanya zoezi mara 10 bila kuyumba hata kidogo, mpandishe. Akishika benchi hadi vifundo vya vidole vigeuke rangi, umempandisha mapema. Mrudishe ngazi moja. Usiwafumbishe macho kwenye kikundi cha watu 14 na msimamizi mmoja.

Muda: lenga saa tatu kwa wiki zikijumlishwa, maana programu zinazofika hapo huzaa zaidi. Jumanne na Ijumaa saa nzima kila siku, na nyumbani nusu saa mara mbili, mbele ya sinki au ukuta, kwa mazoezi ambayo tayari anayaweza kwa usalama. Mazoezi ya vizito yasifuatane siku mbili. Matokeo ya miguu utaanza kuyaona baada ya wiki kadhaa, lakini wakiacha, faida nayo inaondoka.

muuguzi_kliniki_ya_presha

Nakubaliana na fizio, ila kabla ya benchi kuna mashine yako ya presha.

Wazee wengi wanaoanguka asubuhi, au usiku wakienda chooni, hawana tatizo la miguu tu. Presha inashuka wanaposimama. Mlaze mzee dakika 5, mpime, asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwandikie rufaa arudi kliniki na dawa zake zote mfukoni. Usimwambie aache dawa. Anayebadilisha dozi ni anayemwandikia.

Kwenye huo mfuko tafuta dawa za kupunguza maji mwilini kama hydrochlorothiazide, dawa za tezi dume kama tamsulosin, amitriptyline ya maumivu ya neva, diazepam ya usingizi, na chlorpheniramine ambayo wengi hununua dukani kwa mafua na kuimeza kila usiku. Hiyo ya mwisho wazee hawaihesabu kuwa dawa. Uliza kwa jina, na uonyeshe tembe yenyewe.

Wale wanne wa sukari: anayechoma insulini au kumeza glibenclamide asifanye mazoezi kabla ya kula. Saa nne asubuhi wengine wamekunywa chai ya rangi tu. Pima sukari, ikiwa chini ya 5 (mmol/L), ale kwanza, apimwe tena. Kagua pia nyayo zao. Asiyehisi ncha ya kidole chako akiwa amefumba macho hapati habari kutoka sakafuni, kwa hiyo asifanye mazoezi peku, na zile ngazi za ugumu alizotaja fizio azipande kwa hatua ndogo zaidi.

Presha ya 180 kwa 110 akiwa ametulia, siku hiyo haanzi. Anaenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi hadi hawezi kumaliza sentensi: anaketi mara moja na anapelekwa.

Na macho pia. Mwenye mtoto wa jicho hata umfundishe vipi, ngazi za flati stima ikipotea haoni.

mhudumu_umoja

Asanteni sana, hii nimeichapisha. Maswali mawili. Vizito nitatoa wapi bila bajeti? Na nyanya wa miaka 84 anatembea na fimbo, wenzake wanataka aiache ili "apate nguvu". Ni sawa?

kocha_wa_wazee

Vizito vishone. Chukua mguu wa jinzi kuukuu ya mitumba, umpelekee fundi cherehani akate kipande cha sentimita 40 kwa 15, agawanye mifuko minne, na ashone utepe wa kunata kwenye ncha. Mchanga wa ujenzi uchekeche, uanike juani hadi ukauke kabisa. Mchanga wenye unyevu hudanganya mizani, na hukwaruza ngozi ukipenya. Tia kwenye soksi mbili, moja ndani ya nyingine, kila soksi nusu kilo kwenye mizani ya duka, funga fundo, tumbukiza mfukoni. Mifuko minne ikijaa ni kilo 2, na unaweza kuanza na miwili tu. Mchele au maharagwe usitumie, utaita panya.

Uzito sahihi ni ule unaomwacha amechoka kati ya mara ya 8 na ya 10, mwendo bado ni mzuri. Kwa wengi wao utaanza na nusu kilo au kilo moja. Akifika seti mbili za 10 bila shida, ongeza nusu kilo. Mwenye miguu iliyovimba au kidonda asifungwe kitu chochote kifundoni.

Viti vya plastiki: kwenye vigae miguu yake hutanuka na kuteleza. Pachika viwili, kimoja juu ya kingine, uviegemeze ukutani. Kimoja kimoja katikati ya ukumbi, usikubali. Na ukumbi ukipigwa deki, subiri ukauke kabisa.

Viatu: ndara nje kabisa, na soksi bila viatu pia. Raba za kufunga kamba, soli nyembamba na isiyoteleza, kisigino kimefunikwa. Leso ndefu inayoburuta ipandishwe na kukazwa kiunoni kabla ya kutembea kinyumenyume.

fizio_eastlands

Nyanya wa miaka 84 asiache fimbo. Kwenye matembezi aitumie. Kwenye mazoezi ya benchi aiweke, kwa sababu ana benchi. Ila ikague. Akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu inamsukuma nyuma, ikiwa fupi inamwinamisha. Aishike mkono ulio kinyume na mguu mbovu, na fimbo iende mbele pamoja na mguu huo. Wengi huishika upande wa maumivu. Kifuniko cha mpira cha chini kikilainika, kibadilishwe. Hicho ndicho kinachoshika vigae.

Jambo moja halijatajwa: wafundishe kuinuka kutoka sakafuni, kwa sababu mazoezi hupunguza kuanguka, hayakumalizi. Anayelala chini zaidi ya saa moja huanza kuumia kwa kukosa maji, vidonda vya mgandamizo na misuli kuharibika, hata kama hakuvunjika popote. Fanya na wale wenye magoti yanayoruhusu, wawili kwa siku, juu ya mkeka. Ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko, apige magoti na viganja, atambae hadi kwenye benchi, aweke viganja juu ya sehemu ya kukalia ya benchi hilo, alete mbele unyayo wa mguu wenye nguvu, ajisukume, kisha ageuke aketi. Apumzike kati ya kila hatua. Haraka ndiyo humwangusha mara ya pili.

Waambie na watu wa nyumbani: akilalamika nyonga, na mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, hainuliwi kwa kuvutwa mikono. Anafunikwa blanketi palepale, na gari la wagonjwa linaitwa.